Usiitengeneze

Alisema hivyo, akaiweka mashine juu ya meza yangu
katikati ya bisibisi na kikombe cha kahawa iliyopoa:
"Usiitengeneze, Bwana Lončar.
Hakikisha tu haiponi."

Miaka ishirini na sita nafungua vitu vya watu hapa Offenbach,
redio, pasi, kinanda cha kanisa la Kilutheri,
na hakuna aliyewahi kuniletea mgonjwa
akaniomba niitunze homa yake.

Thilo, mtoto wa fundi mikoba wa mtaa wa nyuma,
akabonyeza kitufe. Diski ikazunguka.
Fidla ikaanza vizuri, ikafika mahali, ikateleza:
      la—  la—  la—  tk
      la—  la—  tk
Jicho la leza linatafuta mstari wake, haliuoni,
linarudi hatua moja, linajaribu tena,
kama mtu mlangoni pake anayejipapasa mifuko yote.

"Hiyo ndiyo glichi," akasema, macho yakimng'aa.
Nikamwandikia risiti:
Kasoro, ipo, imara. Udhamini, mwaka mmoja.

Neno lenyewe nilikuwa nalijua.
Kwenye kituo cha umeme, mwaka wangu wa kwanza Ujerumani,
mhandisi alilitema kama kokwa
akinionyesha mshale wa kipimo
ulioruka ukatulia kabla sijapepesa:
umeme umejikwaa, umesimama, umejifuta vumbi,
na taa za hospitali nzima zimeshtuka.

Bibi Perl wa ghorofa ya tatu alicheka nilipomsimulia.
Kwa Kiyidi cha mama yake, alisema, ni kuteleza tu.
Barafu, Januari,
kiatu cha kulia kinakwenda, wewe unabaki.
Nikamuuliza: na kuanguka je?
"Kuanguka kuna neno lake."

Sasa eti ni muziki.
Una siku yake, Alhamisi, chini ya daraja la reli,
kiingilio marki tano.
Nilikwenda. Nilivaa koti la mazishi maana sina jingine.

Vijana kama arobaini, wamekaa sakafuni, hakuna anayecheza.
Thilo ameinamia meza yake kama mimi ninavyoinamia yangu.
Diski amezibandika selotepu,
nyingine amezikwangua kwa kisu cha kumenyea viazi,
na spika zinatoa mikwaruzo, vidonoo, tk, tk,
mvua inayoanza halafu inaghairi.
Nilitaka kuinuka nikatafute waya uliolegea.
Mikono iliniwasha.

Kisha ikaja ile mashine yangu.
      la—  la—  la—

Hapa sharti niseme jambo.
Mimi nina kigugumizi.
Tangu shule, kule Slavonia, herufi ya M
hunisimamia mlangoni kama askari wa mpaka.
Muuza duka hunitazama mdomo, huniwahi: "Mkate?"
nami nabeba mkate, japo nilitaka maziwa.
Mke wangu ni Mirjana.
Siku ya harusi padri alisubiri, akasubiri,
kisha akanitajia yeye jina la bibi harusi wangu.
Husemwa heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.
Dole langu ni zima.

Na pale, chini ya reli, mashine ikajikwaa
mara tisa, kumi, kumi na moja, kwenye sauti ileile,
na hakuna aliyeimalizia.
Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyetazama saa.
Treni ya saa nne ilipopita juu yetu
waliiacha ipite, wakarudi kusubiri.

Sikumbuki kama sauti ile ilitoka. Nadhani haikutoka.
Walipiga makofi vilevile.

Nyumbani nilimkuta macho, anakunja nguo.
Akaniuliza ulikuwaje huo muziki wa watoto.
Nikaanza na jina lake.
      M—  M—
Akafungua mdomo anisaidie, kama kila siku.
Nikainua kidole.
      M—
Bomba la jikoni lilikuwa likidondoka.
Alisubiri, soksi moja mkononi.